Tahakiki ya Chumba cha Mgeni

Kazi ya kuhakiki nimeifanya kwa miaka mingi. Nilipokuwa mwalimu mkuu wa shule, na baadaye mkufunzi katika chuo cha ualimu, nilikuwa nikiwapa vijana kitabu na kuwauliza maswali matatu: mwandishi anasema nini, anakisema kwa namna gani, na anamwambia nani? Tuliyaita maudhui, fani na hadhira, na vijana waliyakariri hata wengine wakayachoka. Sasa nimestaafu, umri wangu umepita miaka sabini, na baadhi ya vitabu vile vimeliwa na mchwa. Safari hii nitahakiki chumba.

Chumba chenyewe ni cha wageni, nyumbani kwangu hapa Newala. Kina futi 9 kwa 10, dirisha moja linalotazama mashariki, na mlango unaofunguka kwa ndani. Nitakisema bila kukionea haya kwa sababu aliyeidhinisha kila kilichowekwa humo ni mimi mwenyewe.

Aliyekipamba ni binti yangu anayefanya kazi Dar es Salaam. Alikuja likizo na mchoro kwenye simu yake, akanikuta na chumba kitupu kilichokuwa kikitunza magunia ya korosho na majembe. Alikaa siku kumi na mbili. Fundi seremala akaitwa, fundi rangi akaitwa, vigae vikabandikwa sakafuni, dari ya jasi ikapigwa yenye taa nne ndogo zinazobadilika rangi. Kikaingia kitanda cha sita kwa sita chenye ubao wa kichwani uliofunikwa kitambaa laini kama mahameli, godoro la inchi 10, mito sita, pazia mbili mbili, nzito na nyepesi. Likaingia kabati, na meza ya kujipambia yenye kioo. Juu ya meza akaweka kinyago cha mpingo alichonunua Mwenge, cha mtindo wa shetani, na ukutani juu ya kitanda akatundika kinyago cha usoni. Akaniambia, "Baba, nimeweka na utamaduni wetu." Nilisimama mlangoni nikatazama. Kwa kweli kilipendeza. Majirani walikuja kukitazama, nao walisimama pale pale mlangoni.

Neno hilo la mlangoni ndilo lililonipita wakati ule. Chumba kile kilikuwa kizuri kutazamwa na mtu aliyesimama mlangoni, na mgeni hasimami mlangoni. Mgeni huingia ndani, akatafuta mahali pa kuweka mzigo wake.

Mgeni wa kwanza kulala humo alikuwa dada yangu. Ananizidi miaka tisa. Anaishi kijijini, chini ya ukingo wa uwanda, upande wa mto Ruvuma, na alikuja kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kufunga ukungu. Madaktari wa macho walitarajiwa siku ya Alhamisi, naye akafika Jumapili. Ilikuwa mwezi wa Julai. Anayeijua Newala anajua upepo wa Julai unavyopanda kutoka kule Shimo la Mungu na kupenya hata kwenye matundu ya funguo.

Nilimwonyesha chumba kwa fahari. Nilimwambia, "Dada, hiki ni chako." Akasema, "Ahsante, Mwalimu." Hata mimi mdogo wake huniita Mwalimu mbele ya watu. Jumatano asubuhi alifunga kifurushi chake akasema anarudi kwake, kuku wake hawana mtu wa kuwatazama. Nilimsihi angoje kesho tu. Hakungoja.

Alipokwisha kuondoka mke wangu ndiye aliyenieleza. Usiku wote mitatu dada hakulala kitandani. Alikuwa ametandika kanga zake juu ya vigae, kati ya kitanda na kabati, akajifunika blanketi moja. Kila asubuhi kabla watu hawajaamka aliipanga ile mito sita juu ya kitanda kama alivyoikuta. Na kinyago cha ukutani alikuwa amekifunika kwa mtandio.

Nilikwenda kukaa peke yangu katika kile chumba. Nilichukua futi kamba ya seremala nikaanza kupima, jambo ambalo ningelifanya kabla ya kununua hata msumari mmoja.

Chumba kina futi za mraba 90. Kitanda cha sita kwa sita, pamoja na mbao zake, kinakula futi 42. Kabati linakula 8. Meza na kioo chake, 4 na nusu. Mlango nao unadai mahali pa kufungukia, futi 6 na kidogo. Zinabaki kama futi 29, na hizo hazikai pamoja; zimekatikakatika kama vitambaa vinavyobaki chini ya cherehani. Sehemu pana ni ujia wa futi mbili unaokwenda mashariki na magharibi. Dada yangu huswali vipindi vyote vitano. Kibla kwetu huku ni kaskazini hasa, maana Makka na Newala zinakaribia kuwa kwenye mstari mmoja. Kwa hiyo mwanamke wa miaka themanini na kitu, akitaka kusujudu katika chumba nilichomwambia ni chake, angegonga kichwa kwenye kabati. Alikuwa akiswalia uani, kwenye ule upepo.

Kutoka sakafuni hadi juu ya godoro ni inchi 29. Nilikaa ukingoni mwa kitanda kile, na mimi si mfupi, miguu yangu ikagusa chini kwa vidole tu. Dada yangu ni mfupi kuliko mimi. Kupanda angeweza, kwa kujikaza. Kushuka usiku, macho hayaoni vizuri, vigae vinateleza, na swichi ya taa iko upande wa pili karibu na mlango, hilo ni jambo jingine. Mtu mzima wa umri ule akianguka na kuvunjika nyonga, pengine hainuki tena. Yeye alilijua hilo, akachagua sakafu. Mimi msomi sikulijua.

Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa katika jambo hili mimi nilipaswa kuwa bingwa. Mkufunzi wa chuo cha ualimu hulala katika vyumba vya wageni kuliko mtu mwingine yeyote, isipokuwa labda wahubiri. Kila mwaka wanachuo walipokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, tuliwafuata shuleni kuwakagua, na kwa kuwa vijijini hakukuwa na nyumba za kulala wageni, tulipokewa na walimu wakuu. Nimelala Masasi yote na Newala yote, tangu wakati Tandahimba ilipokuwa ingali sehemu ya wilaya ya Newala. Nikikaa kuvikumbuka vyumba vile, viwili vinanijia kuliko vingine.

Kimoja kilikuwa chini ya vilima vya mawe vya Masasi. Nyumba ilikuwa ya matofali ya saruji, bati bila dari. Chumba kilikuwa na kapeti, maua ya plastiki, picha ya ziwa lenye theluji iliyokatwa kwenye kalenda, na vitambaa vyeupe vya kufuma juu ya kila kitu chenye mgongo. Dirisha lilikuwa limepigiliwa misumari kwa kuogopa wezi. Masasi si Newala. Newala tuko juu, usiku mtu anatafuta blanketi. Masasi mawe yale hunywa jua mchana kutwa na kulitapika usiku kucha. Nililala na taulo lililoloweshwa maji kifuani, nikiangalia theluji ya kalenda.

Cha pili kilikuwa kwenye njia ya kwenda Tandahimba, nyumba ya miti na udongo, paa la nyasi. Kitanda cha kamba, kamba zimekazwa siku ile ile. Juu yake mkeka mpya, shuka moja iliyofuliwa, blanketi. Msumari ukutani wa kutundikia shati. Kiti kimoja. Pembeni mtungi umefunikwa kwa kata, na juu ya dirisha dogo kibatari na kiberiti. Basi. Jioni mwenyeji wangu alileta ndoo ya maji ya kuoga, ikiwa imejaa. Nililala fofofo hadi jogoo.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisifu umaskini, wala sisemi turudi kwenye kamba. Vitanda vile vilikuwa ngome ya kunguni, na asubuhi nyingine nilitoka nimevimba shingo yote. Tulivimwagia maji ya moto, tukavianika juani, na kunguni wakarudi. Ujio wa godoro la sponji ulikuwa neema. Wazee wenzangu wanaosimulia kitanda cha kamba kwa machozi nadhani hawajakilalia tangu Uhuru. Hata shuka, katika miaka ya uhaba baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nilipata kulala kwa mwalimu mkuu aliyekuwa na shuka moja tu nyumbani, akanipa mimi. Aibu niliyoiona asubuhi nilipogundua sitaki irudi kwa mtu yeyote.

Ninachosifu ni kwamba yule mwenyeji wa njia ya Tandahimba alikuwa amefikiri. Alijua nitafika na shati la kutundika, kiu, miguu yenye vumbi na haja ya kuamka usiku. Na ndoo ile ya maji, msomaji asiyetoka huku huenda asiielewe. Uwanda wa Makonde una mchanga mwekundu unaonyonya mvua yote. Juu hapa hakuna mto wala kijito. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, ukisukuma maji kutoka bondeni kuyapandisha juu, lakini bomba ni kitu kimoja na maji ndani ya bomba ni kitu kingine. Vijiji vingi viliendelea kuteremkia visimani chini ya ukingo. Watu wenye uwezo walichimba matangi chini ya ua kuvuna mvua ya paani. Ndoo iliyojaa, mwezi wa Septemba, ilikuwa ni safari ya nusu siku ya mtu fulani. Kumpa mgeni aogee ilikuwa heshima kuliko mito sita ya mahameli.

Mtu huyo fulani, nyumbani kwetu, alikuwa dada yangu. Bomba halikufika kijijini kwetu kwa miaka mingi. Alikuwa akiteremka gizani na mtungi na kupanda jua likiwa limetoka, ili mimi nioge nikapange mstari shuleni nikiwa safi. Sisi ukoo wetu huufuata kwa upande wa mama. Dada kwa kaka yake si mgeni hata kidogo. Nami nilimwita mgeni, nikampa chumba kisicho na hata bilauri ya maji karibu na kitanda.

Sasa nije kwenye vinyago, kwa maana hapo binti yangu na mimi tulipigana maneno, na nadhani kila mmoja ana haki kiasi.

Kile cha mezani, cha mtindo wa shetani, ni kazi nzuri. Watu hudhani ni cha zamani za mababu, kumbe mtindo wenyewe ni wa mwisho wa miaka ya 1950. Aliyeuanzisha ni Samaki Likankoa, Mmakonde wa asili ya Msumbiji, na ukakulia Dar es Salaam mikononi mwa mfanyabiashara Mohamed Peera aliyevinunua na kuvitafutia soko. Wachongaji wake wengi walivuka Ruvuma kuja kutafuta kazi mashambani na mjini. Kwa hiyo kinyago kile kilichongwa Dar na watu waliopita hapa kwetu, kikanunuliwa Dar, kikarudishwa Newala kwa basi kuwa "utamaduni wetu". Sikatai. Utamaduni nao husafiri. Ila ni kazi iliyofanywa ili imshtue atazamaye, jicho moja, mkono unatokea tumboni, mdomo wazi. Sebuleni mchana nitaiangalia hata saa nzima. Kwa mtu mwenye ukungu machoni, anayeamka saa nane za usiku chini ya taa inayobadilika kutoka nyekundu kuwa kijani, si mapambo, ni mateso. Tena mpingo wenyewe ulikuwa wa mashaka. Nilipokiinua kuhama nacho, viganja vyangu vilitoka vyeusi. Ni mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu.

Cha ukutani ni kesi nzito zaidi. Wachongaji wa zamani wa Kimakonde hawakuchonga vitu vya kutundika. Walichonga visanduku vya tumbaku, vitana, vizibo vya vibuyu vya dawa, na vinyago vya ngoma. Mjerumani Karl Weule, aliyepiga kambi hapa Newala mwaka 1906, alikusanya vitu vya namna hiyo akavipeleka kwenye jumba la makumbusho la Leipzig. Vinyago vya ngoma, wenzetu wa Msumbiji walivifanya vya kuvaa kichwani kama kofia, sisi upande huu zaidi vya kufunika uso. Vilitoka siku vijana waliporudi kutoka jandoni, na siku nyingine vilifichwa. Wanawake hawakutakiwa kuviona vikiwa vimelala, wala kujua nani yuko nyuma yake, hata kama wengi walijua na kunyamaza. Dada yangu alifunzwa hivyo akiwa binti. Leo mambo yamelegea, vinyago vinachezwa kwenye mikutano ya wanasiasa, na binti yangu hakufunzwa na mtu yeyote, kosa ambalo ni langu pia. Lakini kumlaza dada yangu chini ya kinyago usiku kucha ni kumwambia kwamba yale aliyofunzwa hayana maana nyumbani kwa mdogo wake. Yeye hakujibu kwa maneno. Alitwaa mtandio.

Binti yangu aliniambia kwenye simu kwamba namlaumu kwa kupenda vitu vizuri, na kwamba chumba alikipamba ili watu wasiseme babake mstaafu anaishi kama mtu wa bure. Nilikaa kimya, maana hapo alinigusa. Mimi pia nilitaka watu wasiseme. Tangu korosho zianze kuuzwa kwa stakabadhi ghalani mwaka 2007, msimu wa korosho ukifika, kando ya barabara Masasi na Newala hupangwa vitanda na makochi, na kila anayelipwa hununua kikubwa kuliko cha jirani. Nyumba zetu hazikuongezeka upana, vitanda ndivyo vilivyoongezeka. Nyuma ya mchezo huo iko picha ya chumba cha gesti cha mjini, ambacho hakimfahamu anayelala humo, na kazi yake ni kumridhisha mtu yeyote kwa usiku mmoja na kumtoa saa nne asubuhi. Tunakinakili chumba cha namna hiyo kwa ajili ya shangazi zetu.

Nilipompa fundi kazi ya pili, sikuwa na mchoro. Nilifumba macho nikaingia chumbani kama dada yangu, na kifurushi. Kwanza mahali pa kukiweka: benchi fupi karibu na mlango. Kisha kitanda cha mninga, tatu na nusu kwa sita, futi 21 tu, na godoro jembamba, ili jumla ya kimo iwe inchi 18. Kimesukumwa ukutani, na sakafu upande wa kaskazini ikabaki wazi, ukitandika mkeka unatosha. Swichi imeshushwa kwenye kichwa cha kitanda, taa ni moja, nyeupe. Misumari mitatu ya mbao kwa kimo cha mtu mfupi. Chandarua cha pembe nne, maana kile cha duara humwangukia mtu usoni. Mablanketi mawili. Mtungi na kikombe. Meza ya kioo imeondoka, imebaki stuli. Mkeka wa ukindu umefunika vigae mahali miguu inaposhukia. Rangi ya ukuta, aliyoichagua binti yangu, ni ya maziwa yenye chai kidogo. Nimeiacha kwa kuwa ni nzuri kuliko ile ya bluu ambayo ningepaka mimi. Pazia nyepesi nazo nimeziacha, na mke wangu anasema bila hizo chumba kingefanana na bweni la chuo. Huenda ni kweli. Mtu hawezi kutoka katika bweni kabisa.

Madaktari wa macho walirudi baada ya miezi mitano. Dada alikuja tena. Nilikwenda kumchukua mwenyewe. Jicho la kushoto wamelifanyia kazi na linaona, la kulia walisema lilichelewa. Sikumuuliza kama lingewahi mwezi wa Julai, na yeye hakulitaja. Alilala humo usiku tisa. Siku ya tatu aliniita, akanionyesha kwamba msumari mmoja umekaa vibaya unachana nguo, nikauondoa.

Binti yangu anakuja Desemba na mumewe, na anataka kujua watalala wapi watu wawili kwenye kitanda cha tatu na nusu. Kitanda kikubwa kiko stoo, kimefunguliwa vipandevipande, kinyago cha usoni nimekiweka ndani ya sanduku, na yule shetani yuko sebuleni ananitazama nikiandika. Kabati bado limo chumbani. Fundi alilipigia misumari humo humo ndani, na mlangoni halipiti.